Jibu la Mkazo Limekataa: Kusaka Kosa Katika Nondo Inayovutwa au Kugandamizwa

Fomula yenyewe haijazi hata nusu mstari: σ = P/A, yaani kani gawanya kwa eneo. Ndiyo maana kuikosa kunaudhi. Umekokotoa, umefungua kurasa za majibu mwishoni mwa kitabu, na namba yako haifanani na yao. Wengi hufuta kila kitu na kuanza upya. Ukianza upya na kichwa kilekile, utarudia kosa lilelile, tena safari hii kwa haraka zaidi.

Usifute. Chukua jibu lako na jibu sahihi, gawa kubwa kwa dogo, kisha utazame uwiano uliotoka. Nimesahihisha mazoezi ya somo hili kwa muda wa kutosha kujua kwamba mara nyingi uwiano huo hulitaja kosa kwa jina: 1,000 hutaja vizio, 4 hutaja kipenyo, 2 hutaja kani. Daktari hapasui tumbo kabla hajapima homa.

Maneno mawili kwanza. Nikisema nondo nina maana ya kipande chochote kirefu kilichonyooka, kiwe cha duara, bapa au bomba, ambacho kani inapita katikati yake kwa urefu. Na mkazo ninaouzungumzia ni ule unaovuta au kusukuma uso uliokatwa kwa pembemraba. Wapo wanaouita "mkazo wa kawaida", tafsiri inayopotosha, kwa kuwa hauna ukawaida wowote. Kinachomaanishwa ni mwelekeo wake tu.

Tutakuwa na nondo moja ya kujipimia: ya duara, kipenyo milimita 20, inavutwa kwa 40 kN (kilonyutoni). Eneo la mkato ni π × 20² ÷ 4 = 314.16 mm². Mkazo ni 40,000 ÷ 314.16 = 127.3 MPa (megapaskali). Ishike namba hiyo, tutaiharibu kwa njia nyingi.

Tarakimu ni zilezile, nukta imehama

Umepata 0.127 badala ya 127.3. Hapo hesabu yako ni nzima, vizio ndivyo vibovu. Jambo la kuchekesha ni kwamba makosa mawili tofauti kabisa huleta 0.127 ileile. La kwanza ni kugawa 40 kwa 314.16 bila kugeuza kilonyutoni kuwa nyutoni, halafu ukaandika MPa. La pili ni kuligeuza eneo kuwa mita za mraba kwa kugawa kwa 1,000 mara moja tu: 314.16 mm² inakuwa 0.314 m², eneo la meza ndogo! Milimita ya mraba ni sehemu moja ya milioni ya mita ya mraba, kwa sababu unagawa kwa 1,000 upande huu na kwa 1,000 upande ule.

Dawa ninayoipendekeza ni kutokugeuza kitu chochote kuwa mita. Weka kani katika nyutoni, weka vipimo katika milimita, jibu litatoka katika MPa lenyewe, kwa kuwa N/mm² na MPa ni kitu kimoja. Wanaong'ang'ania mita kwa sababu "ndiyo kizio rasmi" hujiongezea sufuri sita za kuchunga bila faida.

Kama jibu lako ni dogo kwa karibu mara 10 lakini tarakimu si zilezile (12.98 badala ya 127.3), rudi kwenye swali uone kama mzigo ulitolewa kwa kilo. Uwiano kamili ni 9.81. Uliuchukua uzito wa kilo kana kwamba ni nyutoni.

Jibu ni robo, au mara nne, au limepungua kidogo tu

Hapa mgonjwa ni eneo. Ukipata 31.8, umetumia πd² ukasahau kugawa kwa 4, au umeweka kipenyo mahali pa nusu kipenyo. Ukipata 509.3, umefanya kinyume: umechukua nusu kipenyo, 10, ukaiingiza kwenye fomula ya kipenyo inayogawa kwa 4. Ukipata 400, π imekudondoka njiani. Ukipata 100 kamili, umeikokotoa nondo ya duara kama ya mraba, 20 × 20. Uwiano wa kosa hilo la mwisho, jibu sahihi likigawanywa kwa lako, ni 1.27, na kwa kuwa ni mdogo wengi huupita wakidhani ni suala la kukadiria desimali.

Lakini ngoja kabla hujaamua kuwa 1.27 ni mraba. Kama kipande chenyewe ni bolti yenye hesi, uwiano unaokaribia sana huo hutokea kwa sababu nyingine. Bolti ya M20 ina kipenyo cha nje cha milimita 20, ila mahali penye hesi chuma kimechongwa, na eneo linalobeba mvuto ni 245 mm² tu, si 314. Uwiano: 1.28. Dalili ni moja, magonjwa mawili, na swali ndilo litakaloamua.

Bomba lina makosa yake. Chukua bomba la kipenyo cha nje milimita 50 na cha ndani 40. Eneo ni π/4 × (50² − 40²) = 706.9 mm². Mwenye haraka huandika π/4 × (50 − 40)² akapata 78.5 mm², na mkazo wake unakuwa mara 9 ya ule wa kweli. Tofauti ya miraba si mraba wa tofauti. Kosa hili ni la aljebra ya sekondari lililovaa koti la uhandisi. Kosa jingine hutokea swali linapotaja unene wa ukuta badala ya kipenyo cha ndani. Ukuta wa milimita 5 unapatikana pande mbili, kwa hiyo unatoa 10, si 5. Ukitoa 5 jibu lako litakuwa karibu maradufu ya sahihi (bomba letu litakupa 1.9), na utahangaika kulitafuta kosa kwenye kani bure.

Jibu ni mara mbili kamili

Sasa tuingie kwenye kani, ambako ndiko alama nyingi hupotelea. Nondo yetu imechorwa na mshale wa 40 kN upande wa kushoto na mwingine wa 40 kN upande wa kulia, yote ikielekea nje. Mwanafunzi anajumlisha, anapata 80, mkazo unakuwa 254.6.

Fikiria kamba. Ifunge ukutani uivute kwa nguvu ya 40. Ukuta nao unaivuta kwa 40 kuelekea kwake, la sivyo kamba ingekufuata. Sasa mtoe ukuta, mweke rafiki yako anayevuta kwa 40. Kamba imehisi tofauti gani? Haijahisi lolote. Mshale wa pili kwenye mchoro ni huo ukuta. Haukuongeza mzigo, umezuia tu nondo isikimbie.

Namna ya kutokosea ni kukata. Pitisha kisu cha kufikirika katikati ya nondo, tupa upande mmoja, chora uliobaki peke yake. Ili kipande hicho kitulie, kani gani inahitajika kwenye uso uliokatwa? Hiyo ndiyo P ya kwenye fomula, na hakuna nyingine.

Nondo ina kani nyingi, na sehemu moja tu imekubali

Hapa kisu hicho hulipa gharama yake. Tuseme nondo imeshikwa ukutani upande wa kushoto kwenye A, halafu ina pointi B, C na D kuelekea kulia. Pale B kuna 60 kN inayoelekea kulia, pale C kuna 90 kN inayoelekea kushoto, na mwishoni D kuna 50 kN inayoelekea kulia. Vipenyo ni milimita 30 kati ya A na B, 25 kati ya B na C, 20 kati ya C na D.

Sehemu ya CD wote huipata: 50,000 ÷ 314.16 = 159.2 MPa, inavutwa. Tatizo huanza BC. Jibu ninaloliona mara kwa mara ni 183.3 MPa, na ukilichunguza ni 90,000 ÷ 490.9. Aliyeandika hivyo ameona mshale wa 90 umesimama pale C, akauchukua kama ulivyo. Mshale wa nje si kani ya ndani. Kata mahali popote kati ya B na C, baki na upande wa kulia kwa kuwa hauna ukuta, kisha hesabu: 50 inaelekea kulia, 90 inaelekea kushoto. Zimebaki 40 kuelekea kushoto, yaani kipande kinasukumwa kwenye kisu. Hivyo BC inagandamizwa kwa 40 kN, na mkazo wake ni −81.5 MPa. Kata tena kati ya A na B: 60 + 50 − 90 = 20 kuelekea kulia, inavutwa, eneo ni 706.9 mm², mkazo 28.3 MPa.

Kuna njia ya kujikagua ambayo haichukui hata nusu dakika. Andika kani za ndani kwa mpangilio: +20, −40, +50. Ukivuka B umeshuka kwa 60. Ukivuka C umepanda kwa 90. Kila mruko lazima ulingane na mshale uliopo pale. Mruko usiolingana unakuonyesha kwa kidole mahali ulipokosea.

Usikate juu kabisa ya pointi yenye mshale. Swali la "kani ya ndani pale C ni ngapi?" halina jibu moja, kuna ya kabla ya C na ya baada ya C. Na angalizo dogo ambalo mchoro haulisemi: sehemu nyembamba zaidi si lazima iwe ndiyo yenye mkazo mkubwa. Katika mfano huu imetokea hivyo. Ongeza kani ya C mpaka 200 kN uone BC inavyoipita CD: kani yake inakuwa −150 kN na mkazo −305.6 MPa.

Ukubwa ni sahihi, ishara imegeuka

Karibu kila mara chanzo ni kubadilisha desturi katikati ya safari. Chora kani ya uso uliokatwa ikielekea nje ya kipande, kana kwamba unajua inavutwa, hata kama moyo unakuambia inagandamizwa. Ikitoka hasi, inagandamizwa, basi. Wanaokisia mwelekeo kwanza hujikuta wamegeuza ishara mara mbili: mara moja kwenye mchoro, mara ya pili kwenye jibu. Nikiwa mwanafunzi nilipoteza swali zima kwa kosa hili, na hesabu yote ilikuwa safi.

Mzigo umening'inizwa kwa nyaya mbili

Mzigo wa 12 kN unaning'inia kwa nyaya mbili, kila mmoja ukiwa na mwinuko wa nyuzi 30 kutoka mlalo. "Nyaya mbili, kila mmoja unabeba 6." Hapana. Kinachobeba mzigo ni sehemu ya wima tu ya mvuto wa waya: 2 × T × sin 30° = 12, kwa hiyo T = 12 kN. Kila waya umebeba mzigo sawa na mzima! Waya wa milimita 10 una mkazo wa 152.8 MPa, si 76.4.

Uwiano ukiwa 2 kwenye swali la aina hii, kosa ni pembe. Ukiwa 1.73, umetumia kosaini mahali pa saini kwa nyuzi 30. Kabla ya kuamini, lazisha nyaya kichwani mwako hadi zikaribie mlalo: mvuto lazima ukue bila kikomo. Kama fomula yako inasema unapungua, umebadilisha saini na kosaini.

Uso umekatwa mshazari

Nondo ileile, ila swali linataka mkazo kwenye uso wa gundi ulioinama. Wengi hukumbuka kwamba eneo limeongezeka na kuwa A/cos θ (θ ni pembe ambayo uso umeinama kutoka mkato wa pembemraba), wakasahau kwamba kani nayo haiuvuti tena uso moja kwa moja. Sehemu yake ya pembemraba ni P cos θ, na iliyobaki inateleza sambamba na uso. Kosaini zinaingia mara mbili: σ cos² θ. Kwa nyuzi 45, 127.3 inakuwa 63.7. Ukipata 90.0, umeweka kosaini moja.

Hesabu ni sahihi, lakini kifaa cha kupimia kimekataa

Hili ni tatizo la heshima zaidi, maana hukukosea hesabu, ulikosea kuiamini fomula mahali pasipo pake. σ = P/A ni wastani. Unakuwa mkazo wa kweli wa kila nukta pale tu kani inapopita kwenye kitovu cha mkato, na mbali na mahali inapoingilia.

Chukua bapa la upana milimita 40 na unene 10, linavutwa kwa 20 kN. Fomula inasema 50 MPa. Sasa kani isogee pembeni milimita 5 tu kwa upande wa upana, kosa ambalo fundi anaweza kulifanya akitoboa tundu la pini. Kani hiyo inaleta momenti ya 100,000 N·mm, na momenti inapinda bapa: ukingo mmoja unaongezewa 37.5, mwingine unapunguziwa 37.5. Upande huu 87.5 MPa, upande ule 12.5. Wastani bado ni 50, na ndio maana mwenye kutazama wastani haoni kitu. Kani ikisogea sehemu moja ya sita ya upana, ukingo mmoja unafika maradufu na mwingine unabaki sufuri. Kwa hiyo ukipima pande mbili na namba zikatofautiana, chukua wastani wake kwanza. Ukilingana na P/A, shida ni kani iliyohama.

Kama bapa lina tundu, anza na eneo halisi: tundu la milimita 10 linaacha 300 mm², na wastani unapanda hadi 66.7. Hata hivyo pembezoni mwa tundu mkazo ni mkubwa kuliko huo. Mhandisi Mjerumani Kirsch alionyesha mwaka 1898 kwamba kwenye bamba pana lenye tundu dogo la duara, mkazo wa ukingoni hufika mara 3 ya ule wa mbali. Programu ya kompyuta ikikupaka rangi nyekundu pale, haijaharibika.

Nyekundu nyingine hutokea pale mzigo unaposhikia. Mfaransa Saint-Venant, mtaalamu wa mekanika, aliliweka jambo hili sawa katikati ya karne ya 19: vurugu za mahali kani inapoingilia huisha baada ya umbali unaokaribia upana wa nondo. Soma mkazo wako zaidi ya hapo.

Hakuna mzigo, lakini jibu linasema kuna mkazo

Nondo imebanwa na kuta mbili, joto limepanda kwa nyuzi 30 za Selsiasi. P hujapewa. Usiandike sufuri. Chuma kinataka kurefuka na kuta zinakataa: σ = EαΔT, yaani 200,000 × 0.000012 × 30 = 72 MPa za kugandamizwa (E ni kipimo cha ukakamavu wa chuma, α ni kiasi kinachotanuka kwa kila nyuzi, ΔT ni badiliko la joto). Eneo halimo kabisa kwenye fomula, kwa hiyo ukijikuta unalitafuta, umepotea njia.

Kuta mbili huleta pia swali la kugawana mzigo. Kani ikiwekwa sehemu isiyo katikati, kila ukuta haupati nusu. Kwa nondo ya unene mmoja, ukuta ulio karibu hupata sehemu kubwa zaidi: kani ikiwa robo ya urefu kutoka A, A inabeba robo tatu. Mlingano wa kani peke yake hautoshi. Unahitaji wa pili, unaosema kwamba urefu wote haubadiliki.

Mkazo ni mdogo, nondo imejikunja

Nondo yetu ya milimita 20, urefu mita 1, pini kila mwisho, sasa inagandamizwa. Chuma cha kawaida cha ujenzi huanza kurefuka bila kurejea karibu na 250 MPa, basi mwanafunzi anaona ana nafasi tele. Fomula ya Euler ya mzigo unaoikunja nondo, π²EI/L² (I hutokana na umbo la mkato, L ni urefu), inatoa 15.5 kN. Huo ni mkazo wa 49 MPa tu, na nondo tayari inakwenda upande. Kwa kipande chembamba kinachogandamizwa, σ = P/A hukuambia mkazo ni ngapi, haikuambii kama kitasimama.

Huna jibu la kulinganisha

Kwenye mtihani hakuna kurasa za majibu. Basi badili mkazo uwe kitu unachoweza kukiona: ugawe kwa E, uzidishe kwa urefu. Kwa 127.3 MPa, chuma chenye E ya 200,000 MPa na urefu wa mita 1 kinarefuka milimita 0.64, unene wa kadi ya benki hivi, kidogo chini yake. Inaingia akilini. Sasa jaribu yule aliyeandika 127,324 MPa. Nondo yake ya mita moja imerefuka sentimita 64, na bado anasema ni chuma.